Kabla ya Kodi

Kiwandani kwetu Igogo visu viko ghorofa mbili.
Chini, akina Nchambi, mabuti meupe hadi magotini,
wanamlaza sangara ubavu, wanamvua mnofu
upande huu, upande ule,
na jicho la samaki linatazama dari.
Juu, mimi. Kisu changu ni jedwali la kompyuta.
Pensheni, bima, bodi ya mikopo, chama, kodi:
nakata, nakata, kinachobaki natuma benki.
Wenyewe wamekipa jina. Kila tarehe ishirini na tano
nasikia ngazini: "Mapanki yameingia?"

Basi mwezi wa tatu kampuni ikaleta mpango.
Gari la umeme, la kukodi, miaka mitatu,
pesa yake ikatwe juu kabisa, kabla ya kodi,
mtoza ushuru akifika amkute samaki keshapungua.
Nilisoma masharti mara nne, penseli mkononi.
Lugha yetu nayo ina utani wake:
ya serikali ni kodi, ya nyumba ni kodi,
na mimi nakodi gari ili nipunguziwe kodi.
Lushinge alicheka hadi chai ikampalia.
Kisha akauliza, bila kucheka,
"Na miaka mitatu ikiisha?"
Tunarudisha ufunguo, nikamwambia.
"Aa. Kumbe suti ya harusi ya kuazima."

Nililichukua hivyo hivyo.
Rangi yake ya furu aliyetoka majini sasa hivi.
Halina sauti. Kilima cha Bugando linakipanda
kama mtu anayepanda ngazi usiku amevua viatu;
mbuzi wa Mabatini hawasogei, hawajui nyuma yao kuna nini,
na mimi, mwanamke mzima, naona haya kupiga honi.

Usiku nalichaji kwa waya uliopitia dirisha la jikoni.
Luku inalia kama kifaranga, uniti zimekwisha.
Na umeme ukikatika, nalala nikipiga hesabu gizani:
mshahara umekatwa, umeme umekatika,
asilimia kumi na moja, Nyegezi hadi Igogo na kurudi,
zinatosha,
zinatosha kama Mkuyuni hakuna foleni,
zinatosha kama sitawasha feni.
Nyuma ya mawe ziwa linameta bure, halijui uniti.

Siku ya malipo Nchambi alinisubiri chini ya ngazi,
gamba moja limebaki kwenye nyusi.
"Dada mhasibu, na mimi niandikie hilo gari.
Si lazima kubwa. La kumpeleka mama kliniki."
Nikapanda naye juu, nikafungua jedwali, nikatafuta mstari wake.
Safu ya kodi: sifuri.
Mshahara wake haujafika pale kodi inapoanzia.
Asiye na kodi hana kabla yake.
Nilimweleza. Nilimweleza vizuri mno, kama nilivyofundishwa semina,
kwamba nafuu hii ni ya mwenye kudaiwa,
kwamba huwezi kupunguziwa usichotozwa.
Alisikiliza, akalibandua lile gamba, akaliweka juu ya meza yangu.
"Kwa hiyo mimi serikali imenisamehe," akasema,
"na huo msamaha ndio unaonitembeza kwa miguu."

Sikuwa na safu ya kuliandika jibu hilo.
Gamba nililikuta kesho yake, limekauka, limeganda kwenye karatasi ya chama.

Jumanne nilimpeleka mama yake mwenyewe.
Bibi Ng'wasi alikaa mbele, kadi ya kliniki kwenye mfuko wa plastiki,
akafunga mkanda kwa kusaidiwa, akatoa rozari,
akafumba macho kama watu wazima wafanyavyo kabla ya safari.
Nyegezi yote alisali. Mkuyuni alisali.
Kilimani niliendesha polepole, ushanga mmoja, ushanga mwingine,
hadi lango la hospitali.
Nikasimama. Akafumbua macho, akaibusu rozari,
akanigeukia kwa upole wa mtu aliyesubiri vya kutosha:
"Haya mwanangu, washa basi, twende."